Viwanja vya wazi vya mtaani: kwa nini havikaliki, na namna ya kuvifanya vikalike

MchoraMitaa (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Uzi huu ni wa maafisa mipango miji, wenyeviti wa mitaa, wanakamati, mafundi, na yeyote ambaye mtaa wake bado una kipande cha ardhi ya wazi ambacho hakijavamiwa.

Fedha za kuboresha maeneo ya wazi zikipatikana, mara nyingi huishia kwenye uzio wa grili, geti moja, mnara katikati, nyasi za kutazamwa na kibao cha USIKANYAGE. Mwaka haujaisha kiwanja ni kitupu mchana kutwa, na usiku hapapitiki. Halafu tunaambiwa wananchi hawana utamaduni wa kukaa bustanini. Si kweli hata kidogo. Nenda Jaws Corner, Mji Mkongwe wa Zanzibar: vichochoro vinakutana, pana baraza za kukalia, pana kahawa, na watu hawakosekani. Watu wa pwani wamekaa barazani vizazi na vizazi. Kinachokosekana kwenye viwanja vyetu vipya ni pa kukaa penye kivuli. Anzeni na hapo, mengine yatafuata.

New York walilijua hili baada ya kupoteza nafasi nyingi. Mwaka 1961 sheria yao ya ujenzi iliwapa wenye majengo motisha: kwa kila futi 1 ya mraba ya uwanja wa wazi wanaouacha mbele ya jengo, wanaruhusiwa kujenga futi 10 za mraba za ziada. Viwanja vikajengwa kwa wingi, na vingi vikabaki vitupu. Miaka ya 1970 mtafiti William H. Whyte na wenzake wakatega kamera juu ya majengo wakawa wanahesabu watu. Waliangalia jua, ukubwa wa kiwanja, umbo lake. Hakuna kilichotosha kueleza kwa nini kimoja kinajaa na kingine hakina mtu. Kilichoeleza vizuri zaidi ni wingi wa mahali pa kukalia. Mwaka 1975 jiji likabadilisha kanuni: angalau futi 1 ya urefu wa kukalia kwa kila futi 30 za mraba za uwanja. Kwa vipimo vyetu ni kama mita 1 kwa kila mita 9 za mraba.

Chukua kiwanja cha mita 20 kwa 30. Ni mita 600 za mraba. Gawa kwa 9, unapata kama mita 66 za kukalia. Mabenchi sita ya mita moja na nusu ambayo tumezoea kuyaona yanatoa mita 9 tu. Hapo ndipo tatizo lilipo.

Mita 66 si lazima ziwe mabenchi. Ngazi, ukingo wa bustani, ukuta mfupi, msingi wa nguzo ya bendera, vyote vinakalika vikiwa na kimo kati ya sm 30 na 90 na upana wa kutosha. Tunachofanya sisi ni kujenga ukingo wa bustani wenye sm 15, ambao mtu hawezi kuukalia, au kuuchongoa juu ili asikae.

Kabla ya kuchora chochote, hesabuni. Siku moja ya kazi, Jumamosi moja, Jumapili moja, kuanzia saa 1 asubuhi hadi saa 3 usiku. Kila saa, mtu mmoja azunguke kiwanja na ramani ya karatasi, aweke alama palipo na kila aliyekaa au kusimama. Wanawake, wanaume, watoto na wazee kwa alama tofauti. Dakika 10 za kila saa zitumike kuhesabu wanaopita kila upande. Mwisho chora vijia vilivyochongwa na miguu ya watu. Hivyo ndivyo vitakuwa njia zako za pevingi (tofali za zege za kupanga chini). Ukizichora njia kwa rula bila kuviangalia, baada ya miezi mitatu vijia vilevile vitarudi katikati ya nyasi zako.

Mafundi karibuni, tuongezee vipimo.

---

FundiBaraza

Mkuu umegusa penyewe. Naweka vipimo vya baraza ya kudumu, maana benchi la chuma linaibwa na la mbao linaoza miguu.

Kimo sm 45. Upana usipungue sm 60. Watu wengi wanajenga sm 40 kwa kuiga benchi la ofisini. Hapo mtu anakaa tu ameninginiza miguu. Sm 60 mtu anaweza kukunja miguu, wawili wakakaa kiubavu na bao katikati yao. Kama baraza inakaliwa pande zote mbili, weka sm 90 hadi 100, vinginevyo migongo inagusana na upande mmoja utabaki mtupu.

Kwa baraza ya mita 6, tumia tofali za inchi 6 kwa unene, zenye kimo cha kama sm 23. Chimba mtaro wa sm 22, mwaga zege la msingi la sm 10, kisha kozi (safu) mbili za tofali. Kozi ya chini inazama kama sm 12, zinabaki sm 37 juu ya ardhi. Ukimwaga jamvi (bamba la zege) la sm 8 juu yake unapata sm 45 kamili. Ukuta uwe na upana wa sm 55 kwa nje na jamvi litokeze sm 5 kwa mbele. Hizo sm 5 zinampa mtu pa kurudishia visigino anaponyanyuka. Mzee anazihitaji kuliko kijana.

Vifaa: tofali 60 pamoja na za kuvunjika, saruji mifuko 7 kwa kila kitu (msingi, kujengea, jamvi, plasta na niru), kifusi cha kujaza ndani chini ya mita moja ya ujazo, nondo za mm 8 zilizofungwa kila sm 20. Kifusi kishindiliwe kwa tabaka za sm 15. Kikimwagwa chote mara moja kitashuka baadaye na jamvi litabaki linaning'inia.

Makosa yanayorudiwa:

Jamvi kumwagwa tambarare kabisa. Lazima liinamie mbele sm 1 au 1.5, la sivyo maji ya mvua yanasimama na hakuna anayekaa hadi mchana.

Kumwaga mita 6 kwa mkupuo bila kuacha mwanya. Kata katikati, kila mita 3, kwa kipande cha ubao au jaboya. Usipokata, zege litajikata lenyewe pale usipopataka.

Kona kali. Izungushe kwa mwiko, hata kwa nusu sentimita. Kona kali inamega na inachana nguo.

Udongo mfinyanzi mweusi. Hapo sm 22 hazitoshi, teremka hadi sm 60 na utoe ule udongo wote, kwa sababu unavimba masika na kusinyaa kiangazi.

---

Mpangaji_Morogoro

Nyongeza kwa Fundi: mkao una maana kuliko idadi. Baraza zote zikipangwa mstari mmoja zikatazama barabara, watu watakaa kama abiria wa kituo cha basi. Panga baadhi kwa kona ya nyuzi 90, ili watu wanne waongee bila kugeuza shingo. Zinazotazamana ziachane mita 1.5 hadi 2. Zikizidi mita 3 watu wanapaza sauti, na wale wa upande wa pili wanahama.

Na ziwepo chache zenye egemeo na mkono wa kushikilia, sm 20 hadi 25 juu ya kikalio. Mama mjamzito na mzee wa miaka 75 hawanyanyuki kirahisi kwenye baraza tupu.

---

KatibuWaMtaa

Nashukuru kwa somo. Swali: kiwanja chetu ni mita 18 kwa 34. Barabara ya lami iko magharibi kwenye upande mrefu, shule ya msingi kusini, msikiti kaskazini, nyumba za watu mashariki. Hakuna mti hata mmoja. Tuko Dar. Tunaanzia wapi?

---

MtiNaUdongo

Katibu, kwa maelezo yako ya barabara upande wa magharibi, jua la jioni linaingia moja kwa moja. Hilo ndilo linaloua viwanja vya Dar. Saa 6 mchana si tatizo kubwa maana wengi wako kazini au ndani. Saa 9 hadi 12 jioni ndipo watu wanapotaka kutoka, na ndipo jua linapiga kwa ubavu chini ya paa lolote utakaloweka. Paa la bati juu ya benchi haliwasaidii saa 10 alasiri.

Dar saa 10 alasiri kivuli cha kitu kinakuwa kama mara moja na nusu ya urefu wake, hadi mara 1.8 mwezi wa sita. Mti wenye shina la mita 2.5 kabla ya matawi, na kilele cha mita 7, saa hiyo unatupa kivuli chake kuanzia mita 4 hadi 11 upande wa mashariki. Kwa hiyo mti usiupande nyuma ya baraza sm 50 ukadhani umemaliza. Panda safu ya miti magharibi, baraza ziwe mita 3 hadi 5 mashariki ya mashina. Adhuhuri zitapata ukingo wa kivuli, jioni zitapata kivuli kamili. Juni jua linazama kaskazini magharibi na Desemba kusini magharibi, hivyo safu ivuke mwisho wa baraza kwa mti mmoja kila upande.

Upande wako wa mita 34: miti 5, kila mita 7. Inatosha.

Aina. Mkungu unafaa sana pwani: matawi yake yanalala kwa ghorofa, unavumilia chumvi na upepo. Unapukutisha majani makubwa, mtu wa kufagia awepo. Mwarobaini unakua haraka na unastahimili ukame. Mkwaju ni wa polepole lakini wajukuu watakaa chini yake. Mkrismasi unapendeza kwa maua mekundu, ila mizizi yake iko juu juu na itainua pevingi yako. Mwembe weka mbali na njia na magari. Msimu wa embe watoto watarusha mawe. Na tafadhali acheni kupanda mwashoki kila mahali. Ule mrefu mwembamba kama mshumaa hautoi kivuli cha mtu hata mmoja. Ni mti wa kupamba ukuta.

Upandaji: shimo sm 60 kwa 60 kwa 60, udongo wa juu uchanganywe na ndoo mbili za samadi iliyooza. Miche iwe na mita 1.5 au zaidi, midogo inakanyagwa. Funga kwenye vigingi vitatu kwa mpira wa baiskeli, usitumie waya kwani unakata gome. Panda mvua za masika zinapoanza, mwezi wa tatu. Kisha kazi yenyewe ni Julai hadi Septemba: lita 20 kwa mti, mara mbili kwa wiki, kiangazi cha kwanza na cha pili. Miti mingi ya miradi inakufa Agosti ya kwanza kwa sababu mkandarasi alilipwa kupanda, hakulipwa kumwagilia. Andikeni kwenye mkataba kwamba sehemu ya malipo inazuiliwa hadi mti uvuke kiangazi cha pili ukiwa hai.

Na usisakafie shina. Acha mraba wa mita 1.5 kwa 1.5 wazi kuzunguka kila mti. Ukingo wa mraba huo ukiuinua hadi sm 45, tayari una mita 6 za kukalia kwa kila mti. Miti mitano, mita 30. Karibu nusu ya hesabu ya MchoraMitaa imeshapatikana, na ziko kivulini.

Ila angalizo: ukiinua ukingo usijaze udongo ndani hadi juu kwenye mti ambao umeshakua. Shina likifukiwa linaoza. Kwa mche mpya panda ukiwa kwenye usawa wa mwisho wa udongo tangu mwanzo.

---

KatibuWaMtaa

Hiyo ya ukingo wa mti ni dawa. Hadi miti ikue tufanyeje?

---

MtiNaUdongo

Miaka mitatu ya kwanza weka fremu ya bomba mraba na makuti au kitambaa cha kivuli kile cha vitalu vya miche, upande wa magharibi, kikiwa kimesimama kama pazia kuanzia mita 1 hadi mita 2.5 kutoka chini. Acha ile mita 1 ya chini wazi ili upepo upite na watu waonane. Kusi na kaskazi ndizo feni zako za bure, usizizibe kwa ukuta.

---

PevuImara

Nazungumzia sakafu maana ndiko pesa nyingi inakopotelea.

Kwa waenda kwa miguu tupu, pevingi ya mm 60 inatosha. Kama gari la taka au la kunyonya choo litaingia, sehemu hiyo iwe mm 80. Za sm 20 kwa 10 zinaingia 50 kwa mita ya mraba.

Kwa kila mita 100 za mraba: ondoa udongo wa juu wenye mizizi, shindilia ardhi ya asili, mwaga kifusi au moramu ya sm 10 baada ya kushindiliwa (nunua kama mita 13 za ujazo kwa sababu inashuka), kisha mchanga sm 3 (nunua mita 4). Panga, pitisha kompakta (mashine ya kushindilia), fagilia mchanga laini mkavu kwenye maungio, pitisha kompakta tena, fagilia tena.

Pevingi hufa kwa mambo haya. Moja, hakuna mawe ya kingo yaliyoshikwa kwa zege. Mstari wa mwisho unasogea, wa pili unafuata, ndani ya mwaka maungio yote yamefunguka. Kingo zijengwe kwanza, kabla ya tofali la kwanza la pevingi. Mbili, fundi anatumia mchanga kusawazisha mabonde ya kifusi, huku sm 2, kule sm 8. Penye sm 8 patazama. Usawa unatafutwa kwenye kifusi, mchanga ni wa kulalia tu. Tatu, mchanga wa bahari. Una chumvi, unaacha ukungu mweupe juu ya tofali na unakula chuma chochote kilicho karibu.

Mwinamo sm 2 kwa kila mita. Kwa upana wa mita 18 wa Katibu, ukiinamisha upande mmoja unapata tofauti ya sm 36, ambayo macho yataiona na kiti cha magurudumu kitaisikia. Gawa katikati: mgongo uwe kwenye mstari wa kati, sm 18 kila upande, na mtaro wenye mifuniko mwisho wa kila upande. Lakini kabla ya kupeleka maji upande wa mashariki, angalia milango ya majirani. Ukiwamwagia maji vyumbani, kiwanja kitakuwa na maadui tangu mvua ya kwanza.

Rampu: kwa kila sm 1 ya kupanda, sm 12 za urefu, zikifika 20 ni bora zaidi. Njia kuu upana mita 1.8 ili viti viwili vya magurudumu vipishane.

Na si lazima kiwanja chote kiwe pevingi. Njia na maeneo ya baraza tu, kwingine acha udongo ulioshindiliwa. Watoto wanahitaji udongo.

---

Msemakweli_Ilala

Mnaongea vizuri lakini hamjagusa uvamizi. Bila uzio, wiki ya kwanza kuna gereji, ya pili kuna kanisa la turubai, ya tatu mtu ana hati. Uzio ndio ulinzi pekee uliobaki.

---

MchoraMitaa

Msemakweli hoja yako ni nzito na siikwepi. Ila uzio haujawahi kuzuia hati. Kinachozuia hati ni karatasi. Mtaa uombe halmashauri nakala ya mchoro wa mipango miji na ramani ya upimaji inayoonyesha kiwanja kama eneo la wazi, uhakikishe bikoni (alama za mipaka) zipo na zinaonekana, zile zilizong'olewa zirudishwe na mpimaji. Nakala ibandikwe ofisi ya serikali ya mtaa mahali inapoonekana na kila mtu, iandikwe pia kwenye muhtasari wa mkutano mkuu wa mtaa. Mvamizi anapenda kiwanja ambacho hakuna anayejua mipaka yake.

Mazoea ya watu nayo ni ulinzi. Uhuru Park ya Nairobi mwaka 1989 ilitaka kupandishwa jengo la ghorofa 60. Mwanamazingira Wangari Maathai na shirika lake la Green Belt Movement walisimama, wakatukanwa, hawakurudi nyuma, na jengo halikujengwa. Uwanja ule watu waliuona kuwa wao kwa sababu waliutumia.

Kuzuia magari na gereji, zungusha mpaka kwa baraza na nguzo fupi za zege: kimo sm 80, mwanya wa mita 1.2 kati ya nguzo na nguzo. Kiti cha magurudumu kinapita, gari halipiti. Mwanya mmoja wa mita 3.5 uwe na nguzo ya kung'oa kwa kufuli, wa gari la zimamoto na la taka. Hapo mpaka unaonekana, unakalika, na mtu anaingia kutoka popote.

Kama halmashauri inashikilia uzio, basi angalau kimo kisizidi mita 1.2, uonekane ndani, na milango iwe mahali palipo na vijia, si geti moja mbele ya ofisi. Geti moja linamfanya mama anayepita na ndoo azunguke nje, na mtu akikabwa ndani hana pa kukimbilia.

---

BintiMvita

Wadau hamjambo. Huyo wa mwisho kasema neno la maana, na mimi naongezea upande wa wanawake na usiku.

Mtu akiwa mlangoni aone hadi upande wa pili. Ua wa maua usizidi sm 80, matawi yakatwe hadi mita 2.5. Kichaka cha kimo cha mtu kando ya njia hakifai.

Taa: nguzo za mita 4 hadi 5, kila mita 12 hadi 15, mwanga wa rangi ya joto, Kelvin 3000. Kwa kiwanja cha Katibu ni nguzo 6, tatu kila upande mrefu, chini ya matawi si juu yake. Ule mlingoti mmoja wa mita 15 wenye mataa makali unaumiza macho, na nyuma ya kila mti unaacha giza jeusi kuliko kama hapangekuwa na taa. Za sola angalieni kwanza betri: iko juu kwenye nguzo au chini? Ya chini haitamaliza mwezi.

Sehemu ya watoto iwe mita 10 hadi 15 kutoka kwa baraza za kina mama, bila kitu cha kuzuia macho kati yao. Chini ya bembea mwaga mchanga wa sm 30, na mwamvuli wa mti uwe hapo pia, kwa sababu ngazi ya chuma ya kuteleza iliyoachwa juani inaunguza mapaja ya mtoto.

Choo: kwa kiwanja cha mita 600, usijenge. Choo kisicho na msimamizi kitanuka hadi kifukuze watu wote. Elewana na msikiti, shule au mkahawa wa jirani, uchangie maji na sabuni. Kiwanja kikubwa kinachojaza mamia ya watu ndicho kinahitaji choo chake, chenye mlinzi anayelipwa kutokana na ada.

---

Mshangani

Assalaam aleikum wana jamvi. Nimesubiri mtu ataje wauza vyakula, naona wote mnapita mbali.

Bustani ya Forodhani, Zanzibar, ilipofanyiwa ukarabati na shirika la Aga Khan Trust for Culture ikafunguliwa tena 2009, ukuta wa bahari ulijengwa upya, njia, taa na miti ikapangwa, lakini wapishi hawakufukuzwa. Walitengewa sehemu yao. Leo jua likizama, mishkaki, urojo na miwa ndivyo vinavyowaita watu, na familia zinakaa na watoto hadi usiku. Mngewatoa wapishi mkabaki na nyasi na mnara, pangekuwa kimya kama kiwanja chochote.

Lakini biashara inataka mpango, ndugu zangu. Kila meza mita 2 kwa 2, mbele yake mita 1.5 za wanaosubiri, na hizo zisiingie kwenye njia ya kupita. Meza zikae ukingoni karibu na barabara, si katikati. Idadi iamuliwe mapema na nafasi zichorwe sakafuni kwa rangi, zenye namba. Siku mtakapomruhusu mmoja wa ziada, kesho watakuwa kumi.

Bomba moja la maji kwa meza 6 au 8. Maji ya kuoshea vyombo yapite kwenye chemba ya kunasa mafuta kabla ya mtaro: sm 60 kila upande, kuta mbili ndani, moja imeachwa wazi chini na nyingine wazi juu, mafuta yabaki yanaelea. Ichotwe kila wiki. Pasipo na chemba, mtaro unaziba ndani ya miezi, na maji ya mafuta yanamwagwa kwenye shina la mti. Mti unakufa, kisha tunasema ni udongo mbaya.

Majivu ya mkaa yawe na pipa lake la chuma lenye mfuniko. Yakitiwa kwenye pipa la plastiki la taka, pipa litayeyuka na takataka zitawaka.

Ada ya meza ndiyo imlipe mfagiaji, na isomwe hadharani kila mwezi. Pesa ya kiwanja ikiingia kwenye mfuko mkubwa wa manispaa hairudi kufagia.

---

MtembeziNairobi

Mshangani amesema kweli. Mfano mwingine ni Kigali: mwaka 2015 walifunga barabara katikati ya jiji magari yasipite. Kuondoa magari peke yake hakukuleta watu, maana paliachwa lami tupu yenye jua. Baadaye wakaweka viti, miti, michezo ya watoto na vibanda, wakapaita Imbuga City Walk, na sasa panakalika.

Kwetu Nairobi, bustani ya Jeevanjee Gardens imekuwapo tangu 1906 na kila saa ya chakula cha mchana inajaa. Ukiichunguza hakuna siri: imezungukwa na maduka na maofisi, ina miti mikubwa, ina viti, na kuipitia ni mkato wa kwenda kazini. Kiwanja kilicho pembeni ambapo hakuna njia ya mtu hakitajaa hata kikijengwa kwa marumaru.

---

Msemakweli_Ilala

Nimekubali nguzo na baraza badala ya grili, kwa sharti kwamba bikoni na karatasi zinatangulia. Je, kingo za mito na fukwe nazo tunaweza kuzifanya hivi?

---

MchoraMitaa

Kwa Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, ziwa au ufukwe. Kwa hiyo njia ya udongo, miti na magogo ya kukalia sawa, kwa idhini ya mamlaka. Baraza za zege na vibanda vya kudumu hapana. Bondeni usiweke chochote ambacho mafuriko yakikibeba kitaziba daraja.

Katibu, kwa kiwanja chako na fedha kidogo, ningefuata mpangilio huu. Kwanza karatasi na bikoni. Pili, hesabu ya siku tatu. Naamini utakuta kijia cha wanafunzi kinachokata kutoka kona ya barabara kwenda shule, na kingine cha waumini kwenda msikitini. Masika yakianza mwezi wa tatu, miti 5 upande wa barabara pamoja na kingo zake za kukalia, mita 30. Kisha baraza mbili za mita 6 karibu na msikiti, kwa kona ya nyuzi 90, kwa wazee wanaosubiri sala ya alasiri na magharibi. Moja ya mita 6 karibu na shule kwa wazazi wanaosubiri watoto. Nguzo fupi kwenye mpaka wa lami. Hapo una mita 48 kati ya 68 zinazotakiwa (mita 612 za mraba, gawa kwa 9).

Upande wa mashariki, kwenye nyumba, usijenge kitu mwaka wa kwanza. Waache majirani watoe mikeka na viti vyao, uone wanapokaa, ndipo uwajengee palepale. Pevingi weka kwenye vile vijia viwili tu.

Weka hapa picha ya kijia cha wanafunzi na upana wake kwa hatua, pamoja na kimo cha lami ukilinganisha na kiwanja. Kama lami iko juu kuliko kiwanja, PevuImara itabidi akupangie mtaro upande wa barabara kabla miti haijapandwa, maana mashimo ya miti yatajaa maji ya lami.